Kamba ya Wodi ya Wazazi

"Siku ile mjinga nilikuwa mimi," anasema nesi huku akining'inia kwenye kamba iliyofungwa kwenye boriti ya wodi ya wazazi kama nguo iliyoanikwa. Anaipima kama itahimili. Jina lake halisi watu wameshalisahau; ni Nesi Kamba.

"Teremka, mwanangu. Boriti bado tunaihitaji," anamtania bibi aliyemleta mke wa mwanawe kujifungua.

Bibi huyu ni wa jamii ya msituni, watu walioishi milima hii kabla ya barabara na zahanati. Wanawake wao huzaa wamepiga magoti, wameshika kamba, mama mkwe nyuma akiwashika kiuno. Nesi alipohamia hapa hakulijua hilo. Alimlaza mama mmoja kitandani, akaenda kumtafutia mto wa pili. Kurudi, kitanda kitupu.

"Nikamkuta uani, kashika kamba ya kuanikia mashuka, mtoto keshalia. Mimi nimekumbatia mto kama niliyefukuzwa nyumbani," anasema, akicheka hadi machozi. "Nikamwambia mama mkwe wake, nifundishe."

Mwaka ule walikuja wanne tu kutoka msituni. Mwaka huu wamefika thelathini na mmoja.

Mke wa mwana wa bibi ni mmoja wao. Uzazi uliopita alizalia nyumbani, damu nusura immalize. Safari hii amekubali kuja kwa sharti moja: kamba.

Kabla ya adhuhuri anapiga magoti kwenye mkeka safi, anavuta. Nesi naye kapiga magoti mbele yake, sindano ya kuzuia damu iko tayari kando. Mtoto wa kike anatoka na sauti ya mtu aliyekuja kudai chake. Bibi anapiga vigelegele mpaka mfagizi anachungulia.

Mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, anaingia akitabasamu.

"Hongereni. Ila kamba ishuke. Wakaguzi wanakuja, na kitanda hiki cha kisasa tumekililia miaka."

"Bosi, ikishuka, dada wawili wa huyu mzazi, wenye mimba, hawaji ng'o," nesi anasema. "Tena nilitaka kuomba ya pili, chumba cha pili."

"Ya pili? Mbona huyu kitanda hakimchomi? Si huyo, kalala raha mustarehe?" mganga anauliza, akimwonyesha mzazi aliyekwisha kuhamia kitandani.

Mzazi anafumbua jicho moja.

"Nimeshamaliza kazi, daktari. Sasa ndiyo nalala."