Spika Niliyodhani Imekufa

Mimi siimbi mbele ya watu. Kwaya yetu ya hapa Baraka inatafuta wa kuimba solo, nami naitamani sana, lakini kila mara najificha nyuma ya bamama wenye sauti nene.

Jumamosi spika ya kanisani ilinyamaza, pamoja na ile ya nje inayorusha nyimbo zetu sokoni. Yaya Furaha, dada mkubwa anayeongoza kwaya, akaniambia, "We unasomaka umeme ku école ya ufundi, angalia basi," halafu wakatoka wote kutafuta fundi.

Betri ya sola ilikuwa nzima. Nikafuata waya mpaka dirishani: panya walikuwa wameutafuna, umeme hauna njia ya kupita. Nikaunganisha shaba kwa shaba, nikafunga kwa plastiki. "Moja, mbili." Kimya. Nje mashine ya kusaga mihogo inanguruma, haisikiki sauti nyingine; ndani spika haikohoi hata kidogo. Fundi gani mimi!

Basi, kanisa tupu, maikrofoni mkononi. Nikaimba solo yote, macho nimefunga. Mwishoni nikainama kama niko kwenye tamasha kubwa la mjini: "Asanteni, watu wa Bukavu!"

Mlango ukafunguliwa. Ni yaya Furaha, na nyuma yake bamama wa soko na mabeseni ya ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani.

"Waya yenye ulitengeneza ni ya spika ya kule sokoni," akasema akicheka. "Ya humu ndani ingali imekatika."

Nilitamani sakafu inimeze.

"Huyu mutoto mulimuficha wapi?" mama mmoja akauliza.

"Alijificha mwenyewe," yaya Furaha akajibu. "Kesho anaimba solo!"

Maikrofoni ilikuwa bado inafanya kazi mkononi mwangu. Vigelegele vya soko zima vikatufikia mle ndani.