Wa Kuitikia Hodi

Mpangaji wa chumba cha uani hutengeneza tovuti ya mafundi wa mtaani, na mzee mwenye nyumba hupenda kukaa naye tangu abaki peke yake. Mpangaji huchapa kwa vidole viwili, na kila anwani ya ukurasa huisoma kwa sauti kabla ya kuipangia kipande cha programu cha kuijibu. "Mtu akipiga hodi hapa, nani aitikie?" hujiuliza huku akijikuna shavu. Anwani isiyo na wa kuitikia huifuta bila huruma. Leo amefika kwenye ukurasa wa marehemu mke wa mzee, aliyekuwa akishona mapazia, na kidole kikasita.

"Baba, hii niifute?"

"Watu bado wanaingia?"

"Wiki hii watatu."

"Basi wasikute kimya. Uniandike mimi wa kuitikia."

"Wewe na cherehani wapi na wapi, baba?"

"Sishoni. Nitawaambia amefariki."

Neno hilo hakuwa amelitamka mbele ya mtu. Mpangaji aliandika namba ya simu ya mzee kwenye ukurasa ule, akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, polepole kuliko kawaida yake.