Siku Biblia Yangu Ilipotetemeka

Ndugu zangu, jambo hili hata mke wangu nilimficha wiki nzima, na mpaka sasa nikilisimulia natazama chini, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko sokoni, ambako limekwisha kutiwa chumvi (na pilipili).

Mnajua kazi yangu ni kuhubiri gerezani. Mnajua pia moyo ulinisumbua, Mungu akaniinua, na binti yangu Akinyi akaninunulia ile saa ya mazoezi, ukanda mweusi wa mpira unaohesabu hatua na mapigo ya moyo, na kutetemeka simu ikipigwa. Sasa, pale langoni kila anayeingia kazini huacha simu na saa, awe mkubwa awe mdogo. Simu niliacha. Saa nikaivutia mkono wa shati, nikajiambia hii si saa, hii ni dawa (shetani naye ana hoja), na Sajenti Atieno, anayeniheshimu kama babake, akasema, "Pita, Pasta," bila kunigusa.

Siku hiyo tulikuwa na ubatizo. Kabla ya kuingia tangini niliivua ile saa isilowe, nikaiweka mahali, nikabatiza watu wangu, wa mwisho akiwa Onyango, fundi wa baiskeli kutoka Nyalenda, aliyekuwa amebakisha siku chache atoke kwa msamaha wa mwenendo mwema. Ndiye aliyenishikia taulo. Nilipomaliza kuvaa, mkono mtupu. Nikatazama juu ya benchi, chini ya benchi, hakuna kitu. Laiti ningenyamaza! Lakini nilifikiria Akinyi atasema nini, nikamnong'oneza askari mmoja kwamba saa yangu siioni.

Gerezani hakuna mnong'ono. Firimbi ikapigwa, wafungwa wote wakachuchumazwa uani karibu na lango, waliobatizwa bado wakichuruzika maji, wakapekuliwa mpaka kwapani.

"Onyango, wewe ndiye ulikuwa karibu na vitu vya Pasta. Toa saa."

"Afande, mimi nimezaliwa upya sasa hivi. Nitaiba kabla nguo hazijakauka?"

Mtu akacheka. Rungu likamshukia Onyango gotini, na kicheko kikakatika.

"Msamaha wako umekwisha leo," askari akamwambia. "Utaozea hapa."

Onyango akaniinulia macho. "Baba, waambie."

Nami, ninayewahubiria watu ukweli, nikasema, "Kama unayo, mwanangu, toa tu yaishe." (Kinywa hiki hiki.)

Hapo ndipo Akinyi alipopiga simu kuuliza kama nimemeza dawa. Simu yangu ikalia ndani ya droo ya Sajenti, na papo hapo Biblia niliyoikumbatia kifuani ikaanza kutetemeka, brr, brr, brr. Mnavijua vile vifuko vyetu vya Biblia vyenye zipu, tunavyotia miwani, leso, sadaka, kila kitu, mkono ukiweka bila kichwa kujua. Walikuwa wamepekua kila mtu, lakini nani angepekua Biblia?

"Fungua, Pasta," Sajenti Atieno akasema, bila kunitazama usoni.

Nikavuta zipu. Saa ilikuwa imelala juu ya jalada, inawaka, jina la binti yangu likipita. Nilingoja wacheke, jamani, nilitamani wacheke. Ikasikika tu sauti ya maji yakidondoka kutoka kwa nguo za Onyango.

Namshukuru Mungu, msamaha wake haukufutwa. Goti ndilo halikurudi kama zamani. Sajenti Atieno alikaripiwa mbele ya walio chini yake kwa sababu yangu, na siku hizi hunipekua mpaka soksi, nami husema asante. Mkono huu hautavaa kitu tena mpaka nizikwe, na moyo nimemwachia aliyeuumba.

Onyango sasa anasali nasi kule Kisian. Kila Jumapili nasimama mlangoni kupokea watu, naye anakuja akichechemea, na kabla hajanipa mkono huinua mikono yote miwili juu na kusema, "Nikague kwanza, Baba." Washirika hucheka, wakidhani ni utani wetu.