Mshenga Aliyeambiwa Ripiti

Jamani, aibu hii nimeificha miezi minane, na hata sasa nikipita Shella navuka upande wa pili wa barabara nisionane na watu wa nyumba ile.

Binamu yangu Hamadi, fundi wa majokofu, alinituma nimpelekee posa ya Rukia kwa ami wa binti huyo, Maalim Twalib, aliyesomesha Kiingereza mpaka akastaafu. "Wewe mwandishi, una maneno," akaniambia, kisha akanipa maneno yenyewe: ni fundi wa kuajiriwa, amepanga chumba kimoja, analea dada zake wawili. Njiani nikaona posa hii imepooza mno (ndio ugonjwa wetu watunga riwaya), basi nilipofika nikasema ana karakana yake.

Maalim akaweka chini kikombe cha kahawa. "Ripiti, mwanangu."

Kwa nini nirudie, kama hajashuku kitu? Nikamwona akitupa jicho kwenye pazia, na nyuma ya pazia kina mama wananong'ona, na kando ya sahani ya halwa pana kitambaa cha kudarizi kimevimba katikati kama kimefunika siri. Mzee huyu ananipeleleza, nikawaza, na nikisema maneno yaleyale ataona nimekariri uongo. Nikayabadilisha: karakana ikapata mafundi watatu, chumba kikawa nyumba.

"Ripiti," akasema tena, kwa sauti ya juu zaidi, "na taratibu."

Sasa nikawa na hakika kwamba nimetegewa, nami nikajitetea kwa nguvu zote: Hamadi akapata karakana ya pili Kilifi, nyumba ikatazama bahari, na dada mmoja nikamwoza (Mungu anisamehe, mtoto ana miaka tisa).

Hapo kile kitambaa kikazungumza.

"Twalib," ikasema sauti ya bibi kizee, "mimi nimesikia mara zote tatu, sauti yangu ndiyo ilikuwa haifiki huko. Kwani wanaoposa ni wanaume wangapi?"

Pazia zima likaangua kicheko. Maalim akafunua simu. "Ni mama, yuko Pate. Yeye ndiye mwenye kauli, nilitaka asikie." Akanitazama kwa upole unaouma kuliko kofi. "Neno hili nimelisomesha maisha yangu yote. Ripiti ni kusema kilekile, mwanangu. Ulichofanya wewe kina jina jingine."

Ikabidi niitoe ile posa niliyotumwa: kuajiriwa, chumba kimoja, dada wawili wadogo.

"Huyo ningemkubali palepale," bibi akasema. "Lakini sasa nitajuaje kama hakuna wa tano?"

Hamadi alikaa wiki tatu haniongeleshi, kisha akamtuma mama yake mdogo, muuza samaki asiye na mbwembwe, na mpaka leo jibu halijatoka. Mimi nimeapa: riwaya nitatunga, lakini ujumbe wa mtu nitaufikisha kama nilivyopewa, hata uwe mkavu kama ng'onda.