Kome wa Kivukoni Waliobanikwa

Makala ya utafiti kuhusu joto la Mto Kilombero ilipochapishwa mwaka 1997, jina la Balbina Matimbwa halikuwamo miongoni mwa waandishi. Lilikuwa ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani, likimfuata dereva: "na Bi. Balbina wa Ifakara, aliyetupikia kome." Mwanamke mwenye shahada ya kemia, mwalimu wa sekondari kwa miaka kumi na mitano, aliyekusanya kwa mikono yake kila gamba lililopimwa, alikuwa amegeuzwa mpishi wa msafara. Na kilichomuuma kuliko dhuluma yenyewe ni kwamba hakuweza kuapa kuwa hakupika.

Mambo yalianza mwaka 1995. Daktari Fulgensi, mtafiti kutoka Dar es Salaam, alipita Ifakara akitafuta mtu wa kumkusanyia magamba ya kome wa mtoni. Balbina alikubali kabla mgeni hajamaliza kueleza. Somo hilo alilijua: kome hujijengea gamba kwa kalsiamu kaboneti, na oksijeni ya kujengea huichota katika maji anamoishi. Oksijeni hiyo ina isotopu, yaani aina za atomu, nyepesi na nzito. Maji yakiwa ya baridi, ile nzito huingia kwa wingi zaidi kwenye gamba. Yakipata joto, hupungua. Kwa hiyo anayejua kupima anaweza kulichukua gamba lililofukiwa ukingoni tangu enzi za mababu akasema mto ulikuwa na joto gani siku zile. Ila kwanza lazima magamba ya leo yajaribiwe, ionekane kama yanasema kweli.

Balbina alijaza sanduku zima pale Kivukoni, ukingoni mwa mto. Nyama aliitoa, lakini mabaki yalibaki yamegandamana ndani, na kufikia jioni nyumba ilikuwa inanuka.

"Utapanda nayo treni hivihivi?" aliuliza mama yake mdogo, Dorika, aliyekuwa akiishi naye. "Watakushusha Kidatu, wewe na kemia yako."

Sasa, bonde zima linajua kwamba kitu cha mtoni hakisafiri kibichi. Samaki wa Malinyi haonani na soko kabla hajaonana na moshi. Balbina, ambaye pale chuoni aliwahi kusifiwa kwa usafi wa vifaa vyake vya maabara, hakusita hata kidogo: aliwasha moto chini ya uchanja wa kukaushia samaki, akapanga magamba juu yake kama perege. Fito zilipokatika na magamba kuangukia kwenye makaa mekundu, aliyaacha humo. Yalitoka meupe pee, hayana harufu. Aliyatazama kwa fahari ya mtaalamu.

Majibu ya maabara yalirudi mwaka uliofuata. Kwa mujibu wa magamba yale, maji ya Kilombero yalikuwa na joto la nyuzi sabini na moja.

Mtu mwingine angetilia shaka sanduku. Balbina alitilia shaka mto. Katika muda mfupi alikuwa amebuni chemchemi za moto chini ya Kivukoni, akawachorea kidato cha nne ubaoni kwa mishale ya chaki nyekundu, kisha akawahutubia akina mama wa parokia, ambao walimsikiliza kwa adabu na kumuuliza kama ni salama kuendelea kufulia nguo pale. Ulimwengu ulikuwa umemkalia kimya miaka kumi na mitano. Hakuwa tayari kuunyima fursa ya kumsikia.

Habari zilifika Kibaoni, dukani kwa Mbaruku, aliyekuwa akimuuzia sukari na kumtania kwa kipimo kilekile.

"Shikamoo, Mzee Mbaruku."

"Marahaba, Mwalimu. Nasikia mto wetu unachemka."

"Hauchemki. Ni nyuzi sabini na moja. Maji huchemka kwa mia."

"Ahsante kwa kunitoa ujinga. Sasa hao kome walikuwa wakiishi humo, au walikuwa wakisubiri ndimu?"

Wateja walicheka. Balbina alifungua kinywa ajibu, maana jibu hakuwahi kulikosa, lakini kilichomjia akilini ni jioni ile ya moto. Aliona fito za uchanja zikikatika. Moto huvunja mpangilio wa kaboneti na kubadilishana nayo oksijeni. Jambo hilo alikuwa akilisomesha kila mwaka, muhula wa pili. Maabara haikuwa imepima mto. Ilikuwa imepima makaa ya jikoni kwake.

Alimwandikia Fulgensi ukweli wote, kisha akaanza upya. Kiangazi kizima cha 1996, kila Jumamosi alishuka Kivukoni na kipimajoto cha shule, gauni limekunjwa hadi magotini, akiwahofia mamba na kuwahofia zaidi wanafunzi wake wasije wakampita kwa baiskeli. Alichukua maji kwenye chupa, alichukua kome, alikwangua magamba kwa kisu na kuyakausha kivulini. Safari hii maabara na kipimajoto vilikubaliana: nyuzi ishirini na tano mwezi Julai, ishirini na tisa Novemba. Makala nzima ilijengwa juu ya sanduku hilo.

Na ndiyo maana shukrani zile zilimpandisha treni hadi Dar es Salaam. Chuo kilikuwa kimemwambia kwamba, kwa umri wa shahada yake, hakingempokea uzamili bila utafiti uliochapishwa kwa jina lake. Jina la mpishi halihesabiwi.

"Ulikuwa utani tu, Mwalimu," alisema Fulgensi ofisini kwake.

"Utani una wenyewe, Daktari. Mimi Mpogoro, nawajua watani wangu. Hata wakituvurugia msiba tunawavumilia. Ukoo wako haumo."

"Lakini ulipika."

"Nilipika sanduku la kwanza. Wewe umekula la pili."

Fulgensi aliinamisha kichwa. "Kusahihisha kunawezekana. Ila mhariri atataka maelezo yote, na la kwanza litaingia. Jina lako litachapishwa pamoja na uchanja wako. Uko radhi?"

Balbina aliwaona kidato cha nne na mishale yao myekundu. Akawaona akina mama wa parokia.

"Liingie. Tena nitaliandika mwenyewe, maana wewe utasema nilichemsha."

Aliandika kurasa mbili, akiyaweka magamba mabichi na yaliyoungua bega kwa bega, na kuonya kwamba magamba ya kale yaokotwayo kwenye mahame ya watu huenda nayo yalipita jikoni. Fulgensi alizisoma bila kutabasamu, halafu akaomba aletewe magamba mengine ya kuchoma.

Toleo lililosahihishwa lilitoka Agosti 1998, Balbina Matimbwa akiwa mwandishi wa pili, na tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo alisajiliwa kwa masomo ya uzamili.