Ukurasa wa Mama Paskalina

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Kituo cha Katesh hakuwa na kiti cha kunipa. Alinikalisha juu ya gunia la mbaazi mbele ya kompyuta pekee ya ofisi, akafungua tovuti ya kampuni na kuniuliza, "Wewe ni mnunuzi, uko Ulaya. Hapa unaona nini?"

Nilikuwa nimetoka chuo cha uhazili. Nilijua kupiga chapa na kupanga mafaili, basi. Nikamjibu kwamba naona twiga.

"Sisi tunauza twiga?"

"Hapana, bosi."

"Haya. Kazi yako imeanza."

Kampuni ilinunua mbaazi, asali na kitunguu saumu kwa wakulima wa Hanang na Mbulu, ikauza nje ya nchi. Tovuti ilitengenezwa na mafundi walioko ng'ambo, na mimi nikawa mtu wa katikati: kuwaeleza wao sisi ni watu gani, na kuwaeleza wakulima wanunuzi wanataka nini. Nilijifunza haraka kwamba ukurasa mmoja hauwatoshi watu wote. Wanunuzi wa Uarabuni husoma kuanzia kulia, kwa hiyo ukurasa wao hugeuzwa wote, pamoja na vitufe vyake. Wajerumani tuliofanya nao kazi walitaka vipimo kwanza: unyevu, ukubwa wa punje, vyeti. Wengine hawakuangalia kipimo chochote mpaka waone sura ya mkulima. Hata fomu ya kuwasajili wakulima wetu ilikuja ikidai jina la barabara na namba ya nyumba. Mkulima wa kijijini Gehandu aandike nini hapo? Niliwabembeleza mafundi miezi minne mpaka wakaweka nafasi ya kitongoji na jina la balozi wa nyumba kumi.

Baadaye nilihamishiwa Dongobesh, kwenye kitunguu saumu. Huko nikamkuta Mama Paskalina, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wanawake. Alikuwa na shamba safi, ng'ombe wa maziwa, na sauti iliyosikika kanisa zima. Mimi alikuwa akiniita mdogo wangu. Siku moja tukifunga vitunguu mafungu, wawili tu, alinisimulia mwaka wa ukame, alipokuwa na watoto wadogo. Alitembea kwa miguu hadi Basotu kwa kaka yake kuomba mahindi. Aliporudi, aliufunika mzigo kwa majani ya ng'ombe ili majirani wasijue nyumba yake haina chakula.

"Wanakikundi wangu hawalijui hilo," alisema, akacheka.

Mwezi huohuo Mkurugenzi wa Masoko alipiga simu kutoka Arusha. Tulikuwa tunataka kuuza rejareja, kwa watu wa majumbani huko nje. "Nataka hadithi inayogusa moyo," alisema. "Mteja wa rejareja hanunui kitunguu, ananunua mtu."

Nikamwandikia ile ya Basotu. Mama Paskalina aliweka sahihi kwenye fomu ya ridhaa, yaani karatasi ya kukubali kupigwa picha na kutangazwa. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Nilimweleza habari za picha. Za hadithi sikumweleza.

Ukurasa ulipotoka, chini ya uso wake unaocheka paliandikwa kwa Kiingereza kwamba Paskalina hulala njaa ili wanawe wale, na kwamba ukinunua unamwokoa. Ukame wa zamani ulikuwa umefanywa wa leo. Nikajituliza kwamba Dongobesh nani atausoma.

Haukupita muda, ikaja taarifa kwamba wageni watatu kutoka duka lililouza vitunguu vyetu wanakuja kumtembelea. Wiki ile sikula vizuri. Nilimpigia Mkurugenzi nikimwomba maneno yabadilishwe.

"Wageni wamevutwa na ukurasa huohuo," alinijibu. "Usiharibu."

Siku yenyewe Mama Paskalina alichinja mbuzi. Wanakikundi walivaa vitenge vya sare. Gari likasimama, wageni wakashuka na maboksi: mchele, mafuta ya kula, nguo za mitumba. Mama mmoja wa kizungu alimshika Mama Paskalina mikono yote miwili, akaanza kusema kwa Kiingereza huku analia mbele ya watu.

"Anasemaje?" Mama Paskalina aliniuliza.

"Anashukuru kwa mapokezi."

"Mtu anashukuru huku analia? Na huu mchele ni wa nani?"

Wanawake wote walikuwa wananitazama.

"Ni wako, dada. Anaamini unalala njaa. Imeandikwa kwenye tovuti."

"Nani kawaambia?"

"Ni mimi. Yale ya Basotu."

Hakupandisha sauti. Alichukua jagi, akamnawisha mgeni mikono, akamkalisha, akamwekea nyama. "Mwambie ale kwanza," alisema. Walipomaliza kula akanigeukia. "Sasa mwambie nyumba hii haijalala njaa tangu mtoto wangu wa pili aanze shule. Mwambie hivyohivyo nilivyosema."

Nilitafsiri neno kwa neno. Mgeni akawa mwekundu, akauliza maboksi ayapeleke wapi.

"Kanisani. Wao wanawajua wenye shida."

Kesho yake nilimwandikia Mkurugenzi: ukurasa uondolewe, la sivyo naacha kazi. Wiki mbili nilingoja jibu, nikishtuka kila simu ilipolia. Hatimaye aliniita Arusha.

"Tuliweka kurasa mbili sambamba," alisema. "Nusu ya watu wakaonyeshwa huu, nusu ule mwingine. Huu ndio unaouza."

"Lakini wageni walipofika, bosi, yule tuliyewauzia hawakumkuta."

Aliufungua ule ukurasa kwenye kompyuta yake, akausoma upya. Kisha akaagiza ukurasa uondolewe, na tangu siku hiyo hakuna maneno ya mkulima yaliyotoka bila kusomewa mwenyewe kwanza, kwa lugha anayoielewa. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa sababu ya ile fomu. Nilistahili.

Nilirudi Dongobesh na maneno mapya ili nimsomee Mama Paskalina. Hakutaka kuyasikia. "Andikeni vitunguu," alisema. Tukaandika vitunguu. Mauzo ya rejareja yalishuka, na sitawaficha kwamba hayakurudi pale yalipokuwa.

Nimestaafu sasa, nalima Nangwa. Vijana waliochukua kazi zetu huniletea simu zao niangalie kurasa wanazotengeneza. Naangalia rangi, naangalia vitufe, lakini nikifika kwenye maneno yaliyo chini ya picha ya mtu, wasiwasi wa wiki ile hunirudia. Huwauliza kama wanaweza kuyasoma kwa sauti, mwenye picha akiwa amekaa mbele yao. Wengine huondoka na kwenda kuyabadilisha. Wengine hunijibu kwamba mambo ya siku hizi ni tofauti.

Kila mwaka mara moja huenda Dongobesh kumwamkia Mama Paskalina. Shikamoo yangu huipokea vizuri. Hunipa chai ya maziwa, huniuliza habari za watoto na za mvua za Nangwa, nami nikimuuliza habari za kwake husema wote wazima. La maisha yake hajanisimulia tena hata moja, nami sijathubutu kuuliza.