Wifi Aliponyamaza

"Tangu mwaka jana, wifi! Sufuria yangu imekwenda kwako na mfuniko wake, kwangu zinarudi salamu tu!"

Aliyelalamika ni muuguzi wa chumba cha dharura. Wagonjwa walimbatiza Sista Kidole, maana hakuna aliyelala pale bila kubonyezwa na kidole gumba chake. Aliyelalamikiwa ni dada wa mumewe, ameegemea meza ya mapokezi, jasho jembamba juu ya mdomo. Alikuja kutafuta dawa ya maumivu, akaangukia mikononi mwa mdai wake.

"Sema basi! Au mfuniko umeolewa huko?"

"Nimechoka, wifi."

Basi. Hakuongeza.

Sista Kidole akamtazama vizuri. Mwanamke huyu hajawahi kumwachia mtu neno la mwisho. Aliwahi kubishana hata na kasuku wa jirani. Leo ananyamaza?

"Njoo ulale."

"Si unanidai?"

"Nitakudai ukiwa umelala."

Mkono ulikuwa wa baridi, una majimaji. Mpigo wake ulikwenda mbio, mwembamba kama uzi. Mashine ya presha ikatoa namba za kawaida, ambazo mvivu angezifurahia. Yeye hakuzifurahia. Mwili wenye nguvu ukipungukiwa damu huficha: hubana mishipa ya mikono na miguu ili moyo na ubongo vipate, kama mama anayejinyima watoto wale. Ukingoja presha ianguke ndipo ushtuke, umekwisha chelewa.

Akashika kucha abonyeze. Rangi nyekundu tupu!

"Na hii rangi ya milango ya duka uliyojipaka! Nitaonaje damu inavyorudi?"

Akafungua kifungo cha blauzi, akabonyeza mfupa wa kifua, akaachia. Alama ya kidole ikabaki imepauka, kana kwamba damu imesahau njia ya kurudi.

"Mara ya mwisho kukojoa?"

"Asubuhi."

"Umeangukia wapi?"

"Nani kakwambia nimeanguka?"

"Mbavu zako. Nikizigusa unakunja uso."

Wifi akafumba macho. "Kwenye ngazi za nyumbani. Nilikuwa nakuletea hiyo sufuria yako. Nikaiangukia."

Muda wa kuona haya haukuwepo. "Daktari! Huyu anavuja damu ndani!"

Daktari akaja mbio, akamgusa chini ya mbavu za kushoto, akapitisha kipimo cha picha tumboni. "Bandama imepasuka. Chumba cha upasuaji, sasa hivi. Umemuwahi, Sista."

Sista Kidole alikwisha kumtia sindano mbili nene, moja kila mkono, maji yanaingia, blanketi juu, damu imeagizwa.

"Wifi, nitakufa?"

"Na mfuniko wangu? Thubutu!"

Kesho yake mgonjwa alikuwa ameegemea mto, mshono tumboni. Kaka yake akaingia na sufuria, ubavu mmoja umebonyea.

"Umeniharibia," akasema Sista Kidole.

"Niharibu nini? Ulinipa imebonyea hivyo hivyo!"

"Mimi?"

"Wewe! Tena ulinitia aibu mbele ya wageni!"

Sista Kidole akacheka mpaka kaka mtu akashangaa. Akaushika mkono wa wifi yake. Sasa una joto. Rangi ya kucha ilikuwa imefutwa kabla ya upasuaji. Akabonyeza, akaachia, damu ikarudi papo hapo.

"Na mfuniko?"

"Mfuniko sikupewa!"

"Haya, mwongo wangu. Huo nimekusamehe."